Kukausha na kutunza mbegu ya kahawa kwa baridi: maswali ya wakulima wa Tanga

Nina kitalu cha miche ya kahawa upande wa Soni, Lushoto, na ndugu zangu wengi wako Tanga mjini na Muheza. Kila msimu wa kuchuma maswali ni yaleyale. Simu ya kwanza huwa ni ya mtu anayeuliza kama aziweke mbegu zake kwenye friji, na ya pili ni ya mtu aliyekwisha kuziweka. Nimeyakusanya maswali hayo hapa. Penye jambo lililokwisha kuelezwa nimeonyesha namba ya swali ili nisirudie.

## Mambo ya kwanza

1. Je, mbegu ya kahawa inatunzwa kama mahindi na maharage?

Hapana, na hasara nyingi ninazoziona huanzia hapo. Mahindi ukiyakausha sana na kuyaweka penye baridi kali, umri wake unaongezeka. Mbegu za embe na kakao ni kinyume kabisa, kwani zikikauka zinakufa. Kahawa iko katikati. Inakubali kukaushwa kiasi na kupozwa kiasi, lakini ukiipa ukavu mwingi na baridi kali kwa pamoja, inakufa.

Mwaka 1973 mtaalamu Roberts alizigawa mbegu za dunia katika makundi mawili, zinazovumilia ukavu na zisizovumilia. Mwaka 1990 Ellis, Hong na Roberts mwenyewe, wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, walionyesha kwamba kuna kundi la tatu, la kati. Mbegu waliyoanza nayo kulieleza ni hii ya kahawa.

2. Bila kuifanyia lolote, inakaa muda gani?

Arabika iliyokaushwa vizuri, ikiwa ndani ya nyumba kwenye joto la kawaida, huota vizuri kwa miezi miwili mpaka minne. Ikifika sita, hesabu kwamba nyingi zimekufa. Robusta ina subira ndogo zaidi (swali la 18). Kwa joto la Tanga mjini chukua kile kipimo kifupi.

3. Kuna haja gani ya kuhifadhi? Si nisie tu mara moja?

Sia, kama unaweza. Ushauri wangu wa kwanza kwa kila anayepiga simu ni huo. Huku kaskazini kahawa huiva kuanzia katikati ya mwaka, na mche unahitaji miezi kadhaa kitaluni kabla ya kwenda shambani na mvua. Mbegu mbichi iliyosiwa wiki ile ile iliyochumwa haina mpinzani.

Hata hivyo kuna sababu za kweli za kungoja. Pengine maji ya kitalu hayajapatikana, au kivuli bado hakijajengwa. Pengine mbegu inakwenda mbali. Au unayo mikahawa ya zamani ambayo mwaka huu imezaa sana na unajua mwakani itapumzika. Kwa hao ndio nimeandika yanayofuata.

4. Naweza kusia kahawa niliyonunua sokoni?

Iliyokaangwa imekufa. Ile ya kijani iliyokobolewa, wanayonunua wauza kahawa chungu wa Tanga kwenda kuikaanga, mara nyingi imekaa ghalani muda mrefu, imeanikwa kwenye jua kali na kupita kwenye mashine inayojeruhi kiini. Chache zinaweza kuchipua, ila nisingejaza viriba kwa kuzitegemea.

## Kuchuma na kuandaa

5. Nichume matunda gani?

Chuma mekundu yaliyoiva sawasawa, kutoka kwenye mti wenye afya unaozaa vizuri mwaka hadi mwaka. Yachume katikati ya msimu, kwenye matawi ya katikati ya mti. Usiokote yaliyoanguka, na liache tunda lenye tundu dogo upande wa kitovu, maana limekwisha kuingiliwa na mdudu anayetoboa buni. Baada ya kumenya, mimina mbegu kwenye ndoo ya maji. Zinazoelea ni mapooza na chete, zitupe. Tupa pia mbegu moja ya mviringo iliyojaa tunda zima, na zile zenye umbo la sikio.

Matunda yamenywe siku ile ile. Yakilala kwenye gunia yanachemka, na joto lile la ndani linaua kiini kabla hujaanza kazi.

6. Ule ulenda, yaani utelezi unaobaki juu ya mbegu iliyomenywa, niuoshe au niuache ukaukie?

Uoshe. Ukiukaushia juu ya mbegu, unakuwa chakula cha ukungu. Loweka mbegu zilizomenywa kwenye chombo safi mpaka ulenda uachie. Kwa joto la Muheza au Tanga usiku mmoja unaweza kutosha, lakini Lushoto wakati wa baridi huchukua siku moja na nusu au mbili. Zisugue mkononi. Zikikwaruzana kama changarawe badala ya kuteleza, ziko tayari. Suuza kwa maji mengi. Usizidishe siku, kwani mbegu iliyochacha kupita kiasi huanza kunuka na kuota kwake hupungua.

7. Ganda la ndani nilitoe kabla ya kuhifadhi?

Liache. Lile ganda gumu la rangi ya nyasi kavu linailinda mbegu isichubuke na isikauke kwa ghafla. Utalitoa siku ya kusia tu, kwa mkono na si kwa mashine, kama unataka zichipue mapema.

## Kukausha

8. Nianike juani au kivulini?

Kivulini, penye upepo, juu ya kichanja cha wavu ili hewa ipite chini na juu. Tandaza safu nyembamba, unene wa vidole viwili hivi, na ugeuze mara kadhaa kwa siku. Kahawa ya kuuza tunaianika juani na hakuna anayelalamika, kwa sababu mnunuzi anataka ladha. Wewe unataka uhai. Bati, sakafu ya saruji na turubai jeusi hupata moto sana mchana. Mimi sikubali joto la mbegu lipite nyuzi 35.

9. Nikaushe hadi unyevu gani?

Mbegu iliyotoka kuoshwa huwa na maji karibu nusu ya uzito wake, asilimia 50 mpaka 55. Kutoka hapo una njia mbili, na usizichanganye.

Njia ya kwanza ni ya ukavu. Shusha unyevu hadi asilimia 10 hivi, kisha weka mbegu penye ubaridi wa wastani wa nyuzi 15. Usipite chini ya asilimia 8 au 9, kwa kuwa huko arabika nayo huanza kuumia.

Njia ya pili ni ya ubichi. Unaikausha kidogo tu, ibaki na asilimia 40 hivi, unaifunga kwenye mfuko mzito wa plastiki usiopitisha hewa, kwenye nyuzi 15 hizo hizo. Wengi hushtuka kusikia hivyo, lakini utafiti wa van der Vossen uliochapishwa mwaka 1979 ulionyesha kwamba arabika iliyotunzwa namna hii iliweza kupita miaka miwili ikiwa hai. Mbegu haichipui kwa sababu ubaridi umeizuia, wala haifi kwa sababu haikukaushwa.

Hatari iko katikati ya njia hizi, kuanzia asilimia 14 mpaka 25. Hapo mbegu ni kavu mno kujitengeneza yenyewe kama iliyo mbichi, na ina maji mno kupumzika kama iliyo kavu. Sikitiko ni kwamba hewa ya pwani, ukiiachia mbegu ijikaukie, huifikisha hapo hapo (swali la 11).

10. Sina mashine ya kupima unyevu. Nitajuaje?

Mizani inatosha. Ningependa kila mwenye kitalu aijue hesabu hii, kwa sababu kuuma mbegu kwa jino kunakupa kisio tu, na kisio kinaua mbegu.

Kwanza tafuta unyevu wa kuanzia. Chukua gramu 20 za mbegu zilizochuja maji, zikate vipande, na uzikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 kwa saa 17. Kama oveni yako haina kipimo sahihi, endelea mpaka uzito usibadilike tena. Tuseme zimebaki gramu 9.6. Maji yaliyotoka ni gramu 10.4 kati ya 20, yaani asilimia 52.

Sasa tafuta uzito unaoutaka. Toa unyevu wa kuanzia kwenye 100, zidisha kwa uzito wa mbegu ulizonazo, halafu gawanya kwa 100 ukiwa umetoa unyevu unaoutaka. Kwa kilo 10 zenye asilimia 52, 48 mara 10 ni 480. Ukitaka asilimia 40, gawanya kwa 60 upate kilo 8. Ukitaka asilimia 10, gawanya kwa 90 upate kilo 5 na gramu 330.

Huhitaji kupima mzigo wote kila siku. Mimi hutia kilo moja kamili kwenye kifuko cha wavu, nikakilaza katikati ya mbegu nyingine kichanjani na kukigeuza pamoja nazo. Kifuko kikifika gramu 800, mzigo uko asilimia 40. Kikifika gramu 533, uko asilimia 10. Tafadhali andika uzito wa kila jioni kwenye daftari. Mkausho ukienda kasi siku mbili za kwanza halafu ukasimama, daftari ndilo litakalokuambia kwamba hewa yako haiwezi kukupeleka mbele zaidi.

11. Niko Tanga mjini. Mbona mbegu zangu hazikauki zaidi ya pale zilipofika?

Kwa sababu mbegu hunywa na kutoa maji mpaka ilingane na hewa iliyoizunguka. Hewa yenye unyevu wa asilimia 78, ambayo si ajabu mjini, huiacha arabika na maji asilimia 16 au 17. Unaweza kuigeuza kichanjani wiki nzima, haitashuka. Usiku umande ukija inapanda tena.

Fanya moja kati ya mawili. Ama chagua njia ya ubichi, ambayo hewa ya pwani haiisumbui. Ama malizia kukausha ndani ya chombo kilichofungwa, ukitumia chembe za silika, zile zinazobadilika rangi zikilowa. Tia silika yenye uzito sawa na mbegu, itenganishe kwa kitambaa, na uikaushe upya kila ibadilishapo rangi. Ukikosa silika, mchele uliokaushwa vizuri kwenye sufuria na kuachwa upoe ndani ya chombo kilichofunikwa husaidia, ila polepole na kwa mbegu chache. Kifuko cha kipimo cha swali la 10 kiwe humo ndani, maana silika haijui kusimama na itaendelea kukausha mpaka mbegu iharibike.

## Baridi

12. Naweza kuweka kwenye friji ya nyumbani?

Usiweke. Friji ya nyumbani iko kwenye nyuzi 4 au 5. Mbegu kavu ya kahawa huumia ikishushwa chini ya nyuzi 10, na mbegu mbichi pia huchomwa na ubaridi huo. Haifi siku ya kwanza, na hiyo ndiyo sababu watu hudanganyika. Baada ya wiki mbili inaota. Baada ya miezi kadhaa unasia mia, unapata kumi.

Mwaka wangu wa pili wa kitalu niliweka kilo tatu za arabika kwenye friji, zimekauka vizuri kabisa, nikiamini nimezitunza kuliko mtu yeyote. Kilo moja ina mbegu 3,000 hadi 4,000. Ilipotoka miche isiyofika mia tano nililaumu mchanga, kisha maji. Ilikuwa ni ile baridi.

13. Na friza je? Benki za mbegu si hugandisha?

Hugandisha mbegu za kundi la kwanza. Ghala la Svalbard kule Norway, lililofunguliwa mwaka 2008, hutunza mbegu kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na mtama au mpunga hukaa humo miaka mingi sana. Kahawa haiwezi. Ikiwa mbichi, maji yaliyo ndani huganda kuwa barafu na kupasua chembe hai. Ikiwa kavu barafu haipo, lakini mbegu ya kahawa ina mafuta mengi, na mafuta hayo nayo huganda na kubadilika umbo kwenye baridi. Ndiyo maana vituo vinavyotunza aina za kahawa duniani vimetegemea zaidi mashamba ya miti hai, mti mmoja mmoja umeandikwa jina, kuliko makopo ya mbegu.

14. Nyuzi 15 nitazipata wapi mkoa huu?

Milimani. Sisi wa Tanga tuna bahati ambayo wengine hawana. Ukitoka Mombo kupanda Soni mpaka Lushoto, ndani ya saa moja umeacha joto la nyuzi 30 na unatafuta sweta. Chumba cha udongo chenye kuta nene, upande usiopigwa na jua la mchana, sakafu ya ardhi, hukaa karibu na kiwango tunachokitaka sehemu kubwa ya mwaka, hasa kuanzia Juni hadi Agosti. Kama una shemeji Mlalo au Bumbuli, mbegu zako zikae kwake. Ni salama kuliko friji yoyote ya mjini, na hailipiwi luku.

Kama lazima zikae mjini, chukua friji kuukuu na uifungie kidhibiti joto cha nje, kile kinachokata umeme ubaridi ukifika namba uliyoweka. Weka 15. Tia kipimajoto ndani na ukisome asubuhi na jioni wiki nzima kabla ya kuingiza mbegu.

15. Umeme ukikatika mbegu zitakufa?

Kukatika kwa saa kadhaa si tatizo. Jaza nafasi tupu kwa chupa za maji, zitashika ubaridi, na usifungue mlango. Joto la siku moja linapunguza umri wa mbegu kidogo tu. Kinachoangamiza ni kidhibiti kilichokwama kikaacha friji ishuke hadi nyuzi 3 wiki nzima bila mtu kuangalia.

16. Nitumie chombo gani?

Kwa mbegu kavu, chupa ya kioo yenye mfuniko wa mpira, ijae mpaka juu ili hewa iwe kidogo. Gunia na mfuko wa khaki havifai, kwa sababu hewa ya nje inaingia na kazi yote ya swali la 11 inapotea. Kwa mbegu mbichi, ule mfuko mzito wa plastiki, usijazwe, mbegu zikiwa zimepakwa kiasi kidogo cha dawa ya ukungu ya shaba. Mbegu mbichi inapumua, kwa hiyo mimi hufungua kila baada ya wiki mbili, nikazigeuza na kuzinusa. Zikinuka pombe, hewa imeziishia. Zikionyesha vijino vyeupe, joto limepanda, zisie siku hiyo hiyo. Ukiona ukungu, toa zilizoshikwa, suuza zilizobaki, chuja maji, paka dawa upya.

Andika kwenye kila chombo aina, shamba, tarehe ya kuchuma, na uzito wa siku ya kufunga.

## Kupima uhai na kusia

17. Nitajuaje kama bado ziko hai, na nizitoeje kwenye baridi?

Kila baada ya miezi miwili chukua mbegu 50. Toa ganda la ndani kwa kucha, loweka siku moja, zifukie kwenye mchanga mnyevu uliooshwa. Hapa joto la Tanga linakuwa rafiki, kwani nyuzi 28 mpaka 30 ndizo zinazoipendeza kahawa ikichipua. Vizizi huanza kuonekana baada ya wiki mbili hivi. Hesabu siku ya 30. Zikiwa zimeota chini ya 35, acha kuhifadhi na usie zote. Aliye na haraka akate mbegu chache. Iliyo hai ni ngumu na nyeupe yenye ukijani, na iliyokufa ni ya kahawia au imelainika.

Ukitoa chombo kwenye baridi usikifungue. Kiache kifikie joto la chumba, la sivyo jasho la hewa litatua juu ya mbegu. Mbegu kavu usiitumbukize majini moja kwa moja, maana maji yakiingia kwa kishindo yanararua utando wa chembe zake. Ilaze siku moja au mbili kwenye gunia lenye unyevunyevu, ndipo uiloweke. Sia upande bapa ukiwa chini, kina cha sentimita moja au mbili. Kwenye ubaridi wa Lushoto, na ganda likiwa bado lipo, inaweza kuchukua miezi miwili mpaka mitatu. Usifukuefukue.

## Yasiyo ya kila siku

18. Robusta ya Muheza nayo ifuate maelezo haya?

Kwa kiasi. Uvumilivu wa robusta kwa ukavu na ubaridi ni mdogo kuliko wa arabika, na liberika, aina nyingine ya kahawa, ni dhaifu zaidi. Kwa hizo mbili usijaribu njia ya ukavu. Zisie ndani ya wiki chache, au zitunze mbichi kwa muda mfupi. Zaidi ya hapo, robusta haijichavushi yenyewe, lazima ipate chavua ya mti mwingine, hivyo mbegu yake haitafanana na mama. Anayetaka mti uleule achukue vikonyo, yaani vipande vya chipukizi vya kuotesha.

19. Mbegu za kahawa chotara zile bora zinatunzika?

Zinatunzika, lakini hazitakupa mti ule ule. Aina bora za arabika zilizotolewa na TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, zinazostahimili chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, huzalishwa kwa vikonyo na kubebesha kwa sababu hiyo. Nunua miche. Arabika za zamani hujichavusha zenyewe kwa sehemu kubwa sana, na mbegu zake hufuata mama.

20. Kuna mikahawa mikongwe upande wa Amani. Inafaa kuchukua mbegu?

Inafaa, kwa ruhusa ya mwenye shamba. Wajerumani walianza kupanda kahawa Usambara ya Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890, Derema ikiwa miongoni mwa mashamba ya kwanza, na kilimo kile kilishindwa kwa sababu udongo chini ya ule msitu ulikuwa wenye tindikali na rutuba yake ilikuwa ya juujuu. Mkahawa mkongwe unaostahimili udongo kama huo una kitu ambacho ningesikitika kikipotea. Ukipata matunda yake, gawa mbegu mara mbili. Nusu sia sasa, nusu tunza kwa njia ya ubichi, na uweke zote kwenye sehemu mbili tofauti.

21. Na ile kahawa pori ya pwani?

Kwenye misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania kuna *Coffea pseudozanguebariae*, ambayo kwa asili haina kafeini. Mbegu yake inavumilia ukavu kuliko arabika. Watafiti waliolinganisha aina mbalimbali za kahawa waligundua kwamba uvumilivu huo unaendana na urefu wa kiangazi kinachofuata baada ya matunda kuanguka. Ukiiona, iache ilipo na umjulishe ofisa wa misitu.

22. Nataka zikae miaka kumi. Inawezekana?

Si nyumbani. Maabara chache duniani huikausha arabika hadi kiwango maalumu, huipoza hatua kwa hatua, na kuitumbukiza kwenye naitrojeni kimiminika yenye nyuzi 196 chini ya sifuri. Kituo cha utafiti wa kilimo cha CATIE, Costa Rica, kimetumia njia hiyo. Kwa mkulima, namna ya kutunza aina miaka kumi ni kupanda miti yake kumi kwenye kona ya shamba.

23. Naweza kumtumia mbegu ndugu yangu wa mkoa mwingine?

Mbegu iliyooshwa, isiyo na nyama ya tunda, ni salama kuliko mche wenye udongo, lakini bado inaweza kubeba ugonjwa. Ulizia kwanza kwa ofisa kilimo. Mbegu ya kuuza inasimamiwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya ubora wa mbegu, na ya kuvuka mpaka inahitaji cheti cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea. Kutoka sehemu zenye mnyauko fuzari wa robusta, kama Kagera, mimi sipokei chochote, hata kiganja kimoja kutoka kwa mtu ninayemwamini.

Ukituma kwa basi, funga mbegu mbichi kwenye mfuko uliotobolewa vitundu vichache, ndani ya boksi lenye maranda ya mbao yenye unyevunyevu, na umwombe kondakta asiliweke kwenye buti karibu na injini.